Avoka na mtu aliyeshitakiwa: Tumpime Cicero

Katika parokia zetu watu wengi hunena hivi: «Avoka ni mtu wa kuuza maneno. Mwizi akikamatwa, avoka aja kumtoa. Mwuaji akikamatwa, avoka aja kumsafisha. Naye hulipwa kwa kazi hiyo.» Wengine huongeza swali lililo gumu zaidi: Je, Mkristu aweza kufanya kazi ya namna hiyo bila kuiharibu roho yake? Na mzazi mwenye mtoto anayetaka kujifunza sheria, amwache aende, ama amzuie?

Swali hili halifai kujibiwa kwa hasira wala kwa mzaha. Sisi twataka kulijibu kwa kusoma. Iko hotuba moja ya zamani sana, ambayo sisi tuliojifunza Kilatini katika seminari tuliisoma kwa ajili ya sarufi. Ndiyo hotuba ya Cicero ya kumtetea Sextus Roscius, mtu wa mji wa Ameria, iliyosemwa Roma mwaka wa 80 kabla ya kuzaliwa kwake Kristu. Ni hasara kuiacha kwenye sarufi tu, maana ndani yake mna kazi yote ya mtetezi, uzuri wake na hatari zake. Basi tuifungue tena, tusifu panapofaa kusifiwa, tukemee panapofaa kukemewa.

Habari ya kesi

Katika miaka ile Sulla alikuwa amekwisha kushinda vita vya wenyewe kwa wenyewe, naye alikuwa na nguvu zote katika Roma. Alitangaza orodha ya majina ya adui zake mahali pa wazi. Mtu ambaye jina lake limeandikwa humo, yeyote aliweza kumwua bila kosa, na mali yake ikauzwa. Orodha hiyo ilifungwa tarehe 1 Juni ya mwaka wa 81.

Baada ya siku hiyo, mzee mmoja tajiri wa Ameria, jina lake Sextus Roscius, aliuawa usiku huko Roma alipokuwa akirudi kutoka karamuni. Huyu hakuwa adui wa Sulla, bali rafiki wa wakubwa wa upande wake. Hata hivyo jina lake likatiwa katika orodha iliyokwisha kufungwa, na mashamba yake 13 yakauzwa. Bei yake ya kweli ilikuwa sesterti milioni 6, ndiyo fedha ya Waroma. Aliyeyanunua alitoa sesterti 2.000 tu. Mnunuzi huyo aliitwa Chrysogonus. Alikuwa mtumwa wa Sulla, akaachwa huru, na sasa amekuwa mtu wake wa karibu, mwenye kuogopwa na wote. Watu wawili wa ukoo wa marehemu, Magnus na Capito, waliokuwa na ugomvi naye tangu zamani, nao walipata sehemu yao: Capito alipewa mashamba 3, Magnus akawekwa kuyasimamia yaliyobaki.

Mzee alikuwa na mwana, naye pia jina lake Sextus Roscius, mtu wa kulima, aliyepita umri wa miaka 40. Alifukuzwa katika nyumba ya baba yake, akakimbilia Roma kwa mama mmoja wa ukoo mkubwa, Caecilia Metella, rafiki wa marehemu. Wale waliokula mali wakaona kwamba maadamu mrithi yu hai, wao hawatalala usingizi. Basi wakamtafuta mshitaki, jina lake Erucius, naye akamshitaki mwana kwamba yeye ndiye aliyemwua baba yake mzazi. Adhabu ya kosa hilo kwa Waroma ilikuwa kumshona mtu ndani ya mfuko na kumtupa mtoni.

Walifikiri kwamba hakuna atakayethubutu kumsemea. Na kweli, mabwana wakubwa waliojua sana kusema walifika barazani, wakaketi, wakanyamaza. Aliyesimama ni kijana wa miaka 26. Ndiye Cicero.

Yanayofaa kusifiwa

La kwanza ni kusimama kwenyewe. Cicero hakujisifu kuwa shujaa. Aliwaeleza waamuzi kwamba wakubwa wakisema, kila neno lao litachukuliwa kama neno la siasa. Lakini yeye hajulikani, na akikosea katika kusema atasamehewa kwa ajili ya ujana wake. Hapa twapata fundisho: si lazima mtetezi awe mtu mwenye jina. Yatosha awe mtu anayesimama mahali ambapo wengine wameketi.

La pili ni namna alivyodai ushuhuda. Mshitaki alisema baba hakumpenda mwanawe, ndiyo sababu alimwacha shambani. Cicero akajibu kwamba kumkabidhi mwana mashamba ya ukoo si kumchukia. Kisha akauliza neno kwa neno: Mwana alimwua kwa sababu gani? Alimwua namna gani, naye hakuwako Roma? Kama alituma watu, ni watu gani, na aliwalipa nini? Watumwa waliokuwa pamoja na mzee usiku ule waulizwe! Lakini watumwa hao sasa walikuwa katika nyumba ya Chrysogonus, na mwana alipoomba waulizwe, alikataliwa.

Halafu Cicero akasema jambo ambalo twaomba kila msomaji alishike. Kosa likiwa kubwa mno na la kutisha, kama mwana kumwua baba yake, ushuhuda nao sharti uwe mkubwa na wazi kupita kawaida, kwa maana ni jambo lililo kinyume cha maumbile. Sisi hufanya mara nyingi kinyume chake. Kosa dogo twalichunguza. Tukisikia kosa la kutisha, twaamini upesi, kana kwamba ukubwa wa kosa ndio ushuhuda.

Wala hakuwadharau washitaki wote. Alisema wafaa katika mji kama mbwa wanaolinda hekalu usiku: wakibweka gizani wanapomwona mtu, ni vema, hata kama mtu huyo si mwizi. Bali wakiwabwekea mchana watu waliokuja kusali, wastahili kuvunjwa miguu. Ni mfano mkali, lakini waonyesha kwamba baraza lahitaji mshitaki na mtetezi pia. Mmoja akikosekana, mwingine huharibika.

La tatu ni swali alilolichukua kwa mwamuzi wa zamani, Lucius Cassius: Ni nani aliyepata faida? Kabla ya kifo hicho mwana alikuwa mrithi wa mali. Baada yake hakuwa na kitu. Lakini Magnus na Capito walikuwa na mashamba. Tena usiku ule wa mauaji, mtu wa Magnus, aitwaye Glaucia, alikwenda mbio kwa magari mepesi ya farasi, maili 56 za Kirumi kwa muda wa saa 10, ili kuifikisha habari Ameria alfajiri. Je, aliipeleka kwa mwana wa marehemu? Hapana, aliipeleka nyumbani kwa Capito.

La nne ni kulitaja jina. Erucius alikuwa ametulia, akiketi na kutembea ovyo kama mtu aliyekwisha kushinda. Cicero alipomtaja Chrysogonus hadharani, wale wa upande wa pili walishtuka, wakaanza kukimbia huku na huku kupeleka habari. Walikuwa wamefanya hesabu ya kila kitu, ila ya kusikia jina hilo barazani.

Waamuzi wakamwachilia Roscius.

Yanayofaa kukemewa

Hata hivyo, kusoma vizuri si kusifu kila kitu. Tuna makosa matatu ya kuonyesha.

Kosa la kwanza ni la lugha. Cicero alipofika kwenye habari ya mfuko na mto, alijaza maneno ya kupendeza masikio, nao watu wakampigia kelele za sifa. Yeye mwenyewe, alipokuwa mtu mzima mwenye kufundisha wengine, aliandika kwamba maneno yale yalikuwa bado hayajapoa, ni maneno ya kijana. Twakubali. Mtu anayengoja kushonwa ndani ya mfuko hahitaji mtetezi mwenye kutafuta makofi.

Kosa la pili ni gumu kupimwa. Cicero alisema tena na tena kwamba Sulla hakujua neno lolote, kwamba ana kazi nyingi mno kupita uwezo wa kuangalia kila jambo. Je, aliamini hivyo? Hatuwezi kuingia moyoni mwake. Lakini tuangalie bei yake. Katika kumkinga Sulla, hakudai mashamba yarudishwe. Alimwombea mtu wake roho tu, na mali akawaachia waliyoinyang'anya. Hatumhukumu vikali, kwa maana mtetezi hubeba uhai wa mtu mwingine mikononi, na si halali yake kuuchezea ili aonekane jasiri. Lakini msomaji asidanganyike: siku ile Roscius alipata nusu ya haki.

Kosa la tatu ndilo kubwa. Cicero hakutosheka kuonyesha kwamba mtu wake hakushuhudiwa kosa. Aliwatwika Magnus na Capito mauaji yale. Dalili alikuwa nazo, tena nzito. Lakini watu hao hawakushitakiwa siku ile, wala hawakuwa na mtetezi. Basi alilolilalamikia kwa ajili ya Roscius, kuhesabiwa mwuaji bila hukumu, amewatenda wengine. Ni halali kwa mtetezi kuuliza nani amepata faida, ili waamuzi waone shaka. Si halali kuutoa mfuko kwenye mgongo wa mtu mmoja na kuubwaga juu ya mgongo wa mwingine kwa dhana tu.

Je, kama mshitakiwa ana kosa kweli?

Hapo ndipo watu wa parokia hutungoja. Watasema: «Roscius hakuwa na kosa, vema. Lakini maavoka huwatetea hata waliokosa.»

Cicero alilijibu swali hili mwaka wa 44, katika kitabu cha wajibu alichomwandikia mwanawe. Alisema ni uovu mkubwa kumshitaki mtu asiye na kosa katika kesi ya kufa na kupona. Bali kumtetea pengine mwenye kosa si vibaya, maadamu si mtu mwovu kabisa. Akaongeza kwamba mwamuzi sharti aufuate ukweli daima, lakini mtetezi aweza pengine kulisimamia lile linalofanana na ukweli, ijapokuwa si ukweli sana. Hata yeye mwenyewe aliona neno hilo ni zito, maana alisema asingethubutu kuliandika kama mwalimu Panaetius hangalilikubali.

Hapo Mkristu asimame. Mtakatifu Toma wa Akwino amefundisha kwamba avoka anayelitetea shauri la udhalimu huku akijua, atenda dhambi nzito, tena yampasa kulipa hasara ya yule aliyeonewa. Akivumbua katikati ya kazi kwamba shauri si la haki, asimsaliti mtu wake kwa kupeleka siri zake upande wa pili. Aliache shauri, ama amshauri mtu wake akubali kushindwa au kupatana. Hivyo «linalofanana na ukweli» halitoshi kwetu.

Lakini tupambanue. Katika shauri la watu wawili wanaogombania shamba, uwongo wa avoka humnyang'anya mwenziwe aliye mbele yake. Kesi ya mtu aliyeshitakiwa kosa la jinai ni jambo lingine. Huyu, hata kama ametenda, bado ana haki zake: haki ya kwamba mshitaki alete ushuhuda wa kweli, haki ya kutolazimishwa kwa fimbo kuungama, haki ya kutopewa adhabu ya mwuaji ikiwa ameiba mbuzi, haki ya kueleza njaa, ujana, ugonjwa au hasira iliyomwangusha. Mambo hayo yote ni kweli, na baraza lisipoyasikia litahukumu kwa giza. Anayeyasema hasemi uwongo. Bali akinunua shahidi, akiandika barua ya hila, akimtwika asiye na kosa, ama akimpelekea mwamuzi bahasha, hapo ameacha kuwa mtetezi, amekuwa mwenzi wa mhalifu.

Wala kazi hii si ngeni katika imani yetu. Danieli kijana alimwokoa Susana kwa kuwatenga wale wazee wawili na kumwuliza kila mmoja peke yake ni chini ya mti gani waliona kosa. Nao wakataja miti miwili mbalimbali. Nikodemu aliwauliza wakubwa wenzake kama sheria yao humhukumu mtu kabla ya kumsikiliza kwanza. Shetani aitwa mshitaki wa ndugu zetu, na Roho Mtakatifu aitwa Parakleto, ndiye aitwaye kusimama karibu nasi na kututetea. Na Mama Maria twamwita Mwombezi wetu katika sala, sisi tulio na makosa kweli! Kama utetezi ungekuwa kwa wasio na kosa tu, ni nani kati yetu angethubutu kusali hivyo? Kanisa linaye pia Mtakatifu Ivo wa Bretagne katika Ufaransa, padri na mwanasheria aliyewasemea maskini. Alikufa mwaka wa 1303, akatangazwa mtakatifu mwaka wa 1347, na sikukuu yake ni tarehe 19 Mei.

Mtetezi aliyesahau

Iko sehemu ya habari ya Cicero ambayo mwalimu wa sarufi hupita upesi. Mwaka wa 63 alikuwa konsuli, mkubwa wa serikali ya Roma. Walikamatwa watu watano waliofanya njama pamoja na Catilina ya kuiharibu serikali. Cicero, kwa shauri la baraza la wazee, aliwatia gerezani na kuwanyonga usiku ule ule, bila kesi mbele ya watu. Gereza hilo ni Tullianum, ambalo mapokeo ya Wakristu husema ndimo Mtume Petro alimofungwa baadaye.

Hatusemi watu wale watano walikuwa wema. Twasema kwamba yule kijana aliyedai ushuhuda, siku, mahali na njia kwa ajili ya mkulima wa Ameria, alipopata nguvu aliona kesi ni kupoteza wakati. Mwaka wa 58 alifukuzwa Roma kwa sababu hiyo. Na mwaka wa 43 wakubwa wapya walitangaza orodha mpya ya watu wa kuuawa, kama ile ya Sulla, na jina la Cicero likawa ndani yake. Askari walimkuta njiani, wakamkata kichwa. Hakuna aliyeuliza ushuhuda.

Basi kipimo cha mtu anayependa haki ni hiki: je, aitetea haki ya kusikilizwa hata kwa yule asiyempenda, na hata siku ile nguvu ziko mkononi mwake?

Na sisi je?

Katika Kongo yetu sheria kubwa ya nchi, ya tarehe 18 Februari 2006, yasema katika kifungu cha 17 kwamba mshitakiwa ahesabiwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho imthibitishe. Kifungu cha 19 chasema kila mtu ana haki ya kujitetea au kusaidiwa na mtetezi aliyemchagua, hata tangu siku za kuulizwa na polisi. Maneno ni mazuri. Lakini gereza la Makala huko Kinshasa lilijengwa kwa ajili ya watu 1.500, na mwaka wa 2024 lilikuwa na zaidi ya 10.000, na walio wengi hawakuwa wamehukumiwa bado. Hao ni watu ambao hakuna aliyesimama kuuliza: siku gani, mahali gani, kwa ushuhuda gani?

Tusiilaumu serikali peke yake. Mwizi akikamatwa sokoni, nani humpiga mpaka kufa kabla polisi hawajafika? Mtoto akisingiziwa uchawi kwa sababu ndugu yake ameugua, nani humtupa nje? Ni watu waliobatizwa, tena wengine watoka misani. Hapo sisi ndio Erucius, wala hatujauliza hata swali moja. Na kama twataka kujua sababu, tuulize kama Cassius: nani atapata faida mjane huyu akifukuzwa kama mchawi? Mara nyingi kuna shamba karibu.

Maavoka nao wana la kujibu. Wako wanaopokea franka za maskini, na siku ya kesi hawaonekani. Hao ndio wanaowafanya watu kusema «Mnyonge hana haki». Lakini wako wengine wanaofanya kazi kwa uaminifu. Tena sheria ya maavoka ya mwaka wa 1979 imeweka ofisi ya kuwashauri bure wasio na uwezo, na wakristu wengi hawajui habari yake. Parokia yenye tume ya Haki na Amani yaweza kuulizia ofisi hiyo mjini, kuandika majina ya wafungwa wasio na mtu, na kuyapeleka. Ni kazi ndogo ya karatasi na miguu. Na kumtembelea mfungwa ni tendo la huruma ambalo Bwana wetu ameahidi kutuuliza siku ya mwisho.

Basi tumjibu mzazi aliyeuliza juu ya mtoto wake. Amwache ajifunze sheria. Lakini kabla hajaondoka nyumbani, amfundishe mambo mawili: asiseme uwongo kwa ajili ya mtu yeyote, wala asikubali mtu yeyote ahukumiwe bila kusikilizwa. Akishika la kwanza peke yake, ataogopa kusimama kama wale mabwana waliokaa kimya Roma. Akishika la pili peke yake, ataangukia hila. Akiyashika yote mawili, aende kwa amani, nasi tutafurahi kumwona barazani siku tutakaposhitakiwa.